Mtunzaji na Neno "Hapana"

Penye mchezo, macho ya watu hufuata mpira. Ukienda kulia, vichwa vyote hugeuka kulia. Ukirudi kushoto, vichwa vyote hurudi nao. Lakini pembeni mwa uwanja yupo mtu mmoja ambaye macho yake hayaendi na mpira. Yeye humtazama kijana aliyebaki nyuma baada ya mpira kupita, anayejiinua polepole huku ameshika kichwa. Mtu huyo hana filimbi wala jezi. Ana sanduku la dawa, ndoo ya maji, na barafu kama imepatikana. Ndiye mtunzaji wa wachezaji, nami nataka tumfikirie pamoja, msomaji wangu, kwa kuwa ndani ya kazi yake mna swali la uadilifu ambalo ni zito kuliko sanduku analolibeba.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe. Haianzi mtu anapoanguka. Huanza asubuhi, kabla watazamaji hawajafika. Mtunzaji hupita uwanjani akitafuta mashimo, mawe na vipande vya chupa. Huwafunga vifundo vya miguu wale waliowahi kuteguka, maana kifundo kilichoteguka mara moja ni chepesi kuteguka tena. Huhakikisha kwamba maji ya kunywa yapo, tena ya kutosha, na kwamba lipo gari la kumpeleka majeruhi hospitalini iwapo haja itatokea. Mchezo ukianza, hutazama. Mchezo ukiisha, kazi nyingine huanza: kumfundisha aliyeumia kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, kisha kutembea, kisha kukimbia mbele moja kwa moja, kisha kugeuka kwa ghafla, mpaka mguu uzirudie nguvu zake. Kocha humfundisha kijana namna ya kushinda. Mtunzaji huuangalia mwili ambao kwao ushindi unatarajiwa. Wote wawili wahitajiwa, na aghalabu ni marafiki. Walakini, iko saa ambapo kazi zao huvutana kama watu wawili walioshika kamba moja, nayo ndiyo saa ninayotaka kuizungumza.

Nchini Marekani kazi hii ni taaluma kamili. Mwaka 1950 watunzaji wa huko waliunda chama chao cha taifa katika mji wa Kansas City, na mwaka 1990 chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kiliitambua kazi yao kuwa miongoni mwa kazi za afya. Anayeitaka husomea chuo kikuu, hufanya mtihani, na katika majimbo karibu yote hupewa leseni. Shule nyingi za sekondari za huko, ingawa si zote, zina mtunzaji wa namna hiyo. Katika shule nyingi za Kenya mambo ni tofauti. Kazi hii humwangukia mwalimu wa michezo, au muuguzi wa shule kama yupo, au mwanafunzi aliyefunzwa huduma ya kwanza katika chama cha Msalaba Mwekundu au cha Mtakatifu Yohana. Na mara nyingi mwalimu wa michezo ndiye huyohuyo kocha. Mtu mmoja hupewa kofia mbili: ya yule anayetaka kushinda, na ya yule anayepaswa kusema kwamba mchezaji bora hawezi kuendelea. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Swali lenyewe ni hili: mtunzaji anamtumikia nani? Shule ndiyo iliyomweka, nayo inataka kikombe. Kocha ndiye anayefanya kazi naye kila siku, naye anataka mchezaji wake. Kijana ndiye aliye mikononi mwake, naye, mara tisa katika kumi, anataka kurudi uwanjani. Wote watatu wakitaka jambo moja, mtunzaji apata wapi haki ya kulikataa?

Swali hili ni la kale. Katika karne ya 2, mjini Pergamon, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, tabibu kijana aitwaye Galen alipewa kazi ya kuwatibu watu waliopigana kwa silaha ili kuwafurahisha watazamaji. Aliyemwajiri alikuwa kuhani mkuu, mwenye mali na mwenye wapiganaji hao. Galen aliifanya kazi yake kwa ustadi. Alitibu majeraha yao, akaangalia na chakula chao. Baadaye akawa mmoja wa matabibu mashuhuri wa dunia ya kale. Lakini fikiri, msomaji: wale watu waliponywa kwa faida ya nani? Mwenye kuwamiliki alitaka wapone ili wapigane tena. Mkono wa tabibu ulikuwa mwema, na dawa ilikuwa njema, ila kusudio la mwenye kulipa halikuwa uhai wa mgonjwa. Nalileta jambo hili ili tuone kwamba kutibu peke yake si wema kamili. Mtu aweza kumtengeneza mwenziwe kama fundi atengenezavyo gurudumu, ili liviringike tu. Mtunzaji wa shule akimpaka kijana dawa ya kuzuia maumivu ili amalize dakika ishirini zilizobaki, bila kuuliza mguu huo utakuwaje mwaka ujao, yeye naye amekuwa fundi wa magurudumu.

Sasa nakuomba tuuache mguu, tufike kichwani, kwa maana huko ndiko swali letu linakouma zaidi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt alikuwa akicheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya shule yake. Aligonga kichwa chini alipokuwa akimwangusha mwenzake. Alionekana ameshika kichwa kwa maumivu. Alipumzishwa kidogo, kisha akarudi, akaendelea kucheza kwa bidii mpaka mwisho. Mchezo ulipokwisha, alianguka palepale uwanjani. Alichukuliwa kwa helikopta hadi hospitali, na madaktari wakampasua kichwa ili kupunguza mkandamizo katika ubongo uliokuwa ukivuja damu na kuvimba. Hakufa. Lakini ilipita miezi mingi kabla hajaweza kutamka hata neno moja, na miaka kabla hajasimama kwa msaada wa watu.

Wazazi wake, pamoja na madaktari na watu wengine, walifanya kazi mpaka jimbo lao likatunga sheria mwaka 2009, nayo ikapewa jina la kijana huyo. Sheria hiyo ina mambo matatu mepesi kuyaelewa. Kwanza, wachezaji, wazazi na makocha waelezwe hatari ya mtikisiko wa ubongo. Pili, kijana anayeshukiwa kuwa ametikisika ubongo aondolewe uwanjani mara moja. Tatu, asirudi mpaka mtaalamu wa afya mwenye leseni atoe ruhusa kwa maandishi. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hiyo. Katika raga pia, mchezo unaochezwa sana katika shule zetu, kanuni ya ulimwengu yaagiza kwamba mchezaji wa shule anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo atoke, na siku hiyo asirudi.

Angalia neno moja katika sheria hizo: "anayeshukiwa". Haikusemwa "aliyethibitishwa". Kwa nini? Kwa sababu ubongo ni kitu laini kilichofungwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo hausimami papo hapo, hutikisika ndani. Nje huenda pasiwe na jeraha wala damu, na mtu huenda asizimie kabisa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, kusahau matokeo ya mchezo, au kujibu polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa siku kadhaa ubongo huo huwa dhaifu, na pigo la pili likija kabla haujapona, hata likiwa pigo dogo, laweza kuleta uvimbe unaoua.

Hapa ndipo ninapotaka usimame pamoja nami, kwa sababu jibu la swali letu limo humu. Tunapomwuliza kijana, "Je, unajisikia vizuri?" tunamwuliza nani? Tunauuliza ubongo wake. Na ubongo ndio ulioumia. Mtu aliyevunjika mkono aweza kuutazama mkono wake na kusema umevunjika, kwa maana akili inayotazama ni nzima. Lakini aliyetikisika ubongo hana akili ya pili ya akiba ya kuitazama ile ya kwanza. Anaposema, "Niko sawa, mwalimu, nirudishe," huenda hasemi uongo hata kidogo. Anasema aonavyo, kwa jicho lililopata ukungu. Basi anahitaji kuazimwa akili ya mtu mwingine kwa muda, na mtunzaji ndiye wa kumwazima. Hiyo ndiyo haki yake ya kukataa. Hakuitoa kwa shule wala kwa kocha. Aliipata kutokana na udhaifu wa saa ile wa kijana mwenyewe, na kijana atakapopona, haki hiyo itarudi kwa mwenyewe.

Najua yapo mapingamizi, nayo hayafai kudharauliwa. La kwanza ni la uhuru. Mwanafunzi mmoja aweza kuniambia, "Mwili ni wangu. Nikitaka kuutoa kwa ajili ya shule yangu, nani anizuie?" Ni kauli ya kijana mwenye moyo, nami naiheshimu. Lakini uhuru ni wa mtu anayekijua kitu anachokitoa. Kijana wa miaka kumi na sita anayejitolea mguu wake leo anatoa pia mguu wa yule mtu wa miaka arobaini atakayekuwa baadaye, ambaye hakuulizwa. Mtu yule atataka kulima, kupanda ngazi, kumbeba mwanawe mgongoni. Ni nani atakayemsemea leo, hali bado hajafika? Mtunzaji mwema humsemea. Kwa hiyo sioni kwamba anaupokonya uhuru. Anauhifadhi usitumike wote kwa siku moja.

Pingamizi la pili ni la ushujaa. Watu husema kwamba kuvumilia maumivu ni tabia njema, na kwamba vijana wakizoezwa kutoka kila wanapoumia watakuwa dhaifu. Pana kweli katika maneno haya. Hakuna aliyepata kukimbia vizuri bila kuumwa. Mapafu huwaka, mapaja huwa mazito, na moyo husema, "Acha." Anayeishinda sauti hiyo amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote. Lakini maumivu ni ya namna mbili. Yako maumivu ya jitihada, ambayo huja kazi inapozidi na huondoka mtu akipumzika. Na yako maumivu ya madhara, ambayo ni mlio wa kitu kinachoharibika. Ya kwanza yafaa kuvumiliwa. Ya pili yafaa kusikilizwa. Asiyejua kuyatofautisha aweza kuitwa shujaa naye akawa mjinga tu, na vilevile aweza kuitwa mwoga naye akawa mwenye hekima. Sehemu kubwa ya ujuzi wa mtunzaji ni kuyajua haya mawili, na kumfundisha kijana ayajue katika mwili wake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo sipendi pia mtunzaji mwoga, anayemtoa kila mtu kwa kila mkwaruzo ili yeye asilaumiwe. Huyo naye amemsahau kijana, anajitunza mwenyewe. "Hapana" ya mtunzaji wa kweli ina "ndiyo" nyuma yake. Kwa aliyetikisika ubongo, mathalani, njia ya kurudi yajulikana: siku moja au mbili za kupumzika, kisha kutembea, kisha kukimbia kidogo, kisha mazoezi ya mpira bila kugongana, kisha, baada ya ruhusa ya daktari, mazoezi kamili, na mwishowe mchezo. Kila hatua yachukua angalau siku nzima, na dalili zikirudi, kijana hurudi hatua moja nyuma. Mtunzaji hutembea naye njia yote. Anayekataza kisha akaenda zake amefanya nusu ya kazi.

Pingamizi la tatu ni la wenzake. "Timu yanihitaji," husema mchezaji. "Nikitoka, nimewasaliti." Jibu langu ni kwamba mtu aliyetikisika ubongo huona kwa kuchelewa, hukimbia kwa kuyumba, na huweza kumgonga mwenzake vibaya. Tena wenzake wenyewe, wangeulizwa siku ya kawaida, mbali na kelele za uwanja, kama wanataka kikombe kwa bei ya akili ya rafiki yao, hakuna hata mmoja ambaye angekubali.

Neno hilo, "siku ya kawaida", lina maana kubwa. Uwanja ni mahali pa moto. Nyimbo zinaimbwa, dakika zinakwisha, mwalimu mkuu amesimama, na shule ya jirani inaongoza kwa bao moja. Huo si wakati wa kuanza kutafakari lililo haki. Lililo haki hutafakariwa mapema, damu ikiwa imepoa, likaandikwa, na kila mtu akaahidi kulifuata. Ndiyo maana nilikuomba uikumbuke ile habari ya kofia mbili. Katika chuo chetu, tunapozungumza na wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu, huwauliza: "Ukiwa kocha, na mchezaji wako bora ameanguka, ni nani atakayekuamulia?" Hujibu kwamba wataamua wenyewe, kwa haki. Nami huamini kwamba wanakusudia haki. Lakini hakimu hakai kitini kwa kesi yake mwenyewe, hata akiwa mwaminifu namna gani. Shule isiyo na fedha za kumwajiri mtunzaji aliyesomea kazi hiyo bado yaweza kufanya jambo moja lisilogharimu hata shilingi: impe mtu mwingine asiye kocha, mwalimu au muuguzi aliyefunzwa dalili, neno la mwisho juu ya nani atoke. Na mwalimu mkuu atangaze mbele ya shule nzima, kabla msimu haujaanza, kwamba neno hilo halibatilishwi na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

Mpaka hapa nimesema juu ya wakubwa. Sasa nasema nawe, mwanafunzi, maana mtunzaji ana macho mawili tu, na mengi hufichwa kwake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kichwa kikikuuma baada ya kugongwa, sema, hata kama fainali ni kesho. Ukimwona mwenzako bwenini anatapika usiku baada ya mchezo, au anauliza swali lilelile mara tatu, usingoje asubuhi, mwamshe mwalimu. Huenda atakukasirikia. Huenda wengine watakuita msaliti. Lakini urafiki unaomfichia mtu hatari yake ni urafiki wa namna gani? Wala usimcheke yeyote aliyeketi benchi kwa agizo la mtunzaji, kwa maana kicheko chako ndicho kitakachomfanya mwingine afiche.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niiheshimu kazi hii kuliko nyingi. Daktari anayemponya mgonjwa huonekana, na mgonjwa humshukuru. Mfungaji wa bao hubebwa mabegani. Lakini mtunzaji anayemtoa kijana uwanjani kwa wakati ufaao huzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina shahidi. Kijana akiamka kesho yake ana afya, watu husema, "Mbona alikuwa mzima? Tumepoteza kikombe bure." Mtunzaji hana la kuonyesha. Hawezi kusema, "Tazameni kaburi ambalo halikuchimbwa." Yeye mwenyewe hatajua kamwe kwa hakika kama pigo la pili lingekuja au lisingekuja. Alichokuwa nacho ni shaka yenye sababu, na kijana mbele yake, na umati ukipiga kelele.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii twaisikia tangu utotoni, tukidhani ni ya wazazi peke yao. Siku moja huenda ukawa nahodha, au mwalimu, au mzazi, au mtu aliyekabidhiwa sanduku la dawa kando ya uwanja. Kijana atakujia machozi yakimlengalenga, akuombe umruhusu arudi, na nyuma yake watu mia tano watakuwa wakiliimba jina lake. Tangu leo, wakati hakuna anayeimba, jiamulie ni neno gani utakalomjibu.